Minazi na Pamu za Uani: Maswali Ninayoulizwa Kila Msimu Dar es Salaam

Nimehudumia bustani za watu kuanzia Kunduchi hadi Kigamboni, na siku hizi maswali mengi yananijia kwa simu, na picha juu yake. Picha nyingi zinafanana: makuti ya chini yamegeuka manjano, ncha zimekauka, na mwenye nyumba anauliza, "Huu ni ugonjwa gani?" Mara nyingi si ugonjwa. Mti una njaa, na panga limeshaanza kuuongezea. Nimeyakusanya hapa maswali yanayojirudia, na majibu kama ninavyoyatoa nikiwa nimesimama chini ya mti wenyewe.

Ukisema "pamu" unazungumzia mti gani hasa?

Jamii yote ya mnazi. Mnazi wenyewe ni pamu, na mtende, mchikichi, mvumo, mpopoo, mkindu unaosukiwa mikeka, na mkoche uliolipa Mikocheni jina lake. Kisha kuna za mapambo: roya pamu, ile ndefu yenye shina la kijivu lililonyooka kama nguzo, areka, inayoota kichaka cha mashina membamba ya manjano, na ile fupi yenye tumbo kama chupa. Ukiacha mkoche, ambao shina lake huweza kugawanyika, zote hizi zina tabia moja inayozitofautisha na mwembe au mkorosho: zina kilele kimoja tu kwa kila shina. Kikifa kilele, shina hilo limekwisha, halichipui ubavuni. Na jeraha la shinani halizibi maisha.

Makuti ya chini yamekuwa manjano. Niyakate?

Hapana. Subiri niseme kwa nini, maana hapa ndipo watu tunapokosana.

Udongo wa pwani yetu, hasa Mbezi Beach, Kunduchi, Msasani na Kigamboni, ni mchanga mtupu au mchanga juu ya matumbawe. Mvua ya masika ikishuka wiki tatu mfululizo, potasiamu inateremka na maji hadi mizizi isikofika. Mnazi unaihitaji potasiamu kuliko kirutubisho kingine chochote, kwa hiyo ukiikosa chini, unaichukua juu: unainyonya kutoka kwenye makuti yake ya zamani na kuyapa makuti machanga. Lile kuti la manjano unaloliona linachafua uani ndilo ghala. Ukilikata leo, kesho mti unaanza kulinyonya la juu yake, ambalo jana lilikuwa kijani. Nimeona roya pamu zilizobaki na majani manne kileleni, shina limenywea juu kama penseli iliyochongwa, na mwenyewe analalamika kwamba kila akisafisha, manjano inapanda.

Liangalie kuti la chini kabisa ukiwa umelielekeza juani. Ukiona madoa madogo ya manjano au ya rangi ya chungwa yanayopitisha mwanga, na ncha za majani zimekauka na kujikunja, hiyo ni njaa ya potasiamu. Ukiona ukingo mpana wa manjano iliyokolea pande zote mbili, huku katikati ya kuti pamebaki kijani safi, hiyo ni magnesiamu. Mara nyingine zote mbili zinakutana kwenye mti mmoja. Mti mzima ukiwa umepauka, kijani hafifu kila mahali, tuhumu naitrojeni.

Kuti likikauka lote, likawa kahawia hadi kwenye bua, limeshatoa kila lilichokuwa nacho. Hilo kata, au ngoja lidondoke lenyewe.

Sasa nilishe nini? Dukani wameniuzia DAP.

DAP ni ya kupandia mahindi. Ina naitrojeni 18 na fosforasi 46, potasiamu hakuna hata chembe. Kuimwaga chini ya mnazi wenye njaa ya potasiamu ni sawa na kumpa mwenye kiu kipande cha mkate mkavu. Urea peke yake ni mbaya zaidi: inausukuma mti utoe majani mapya, na potasiamu ya kuyajenga majani hayo itatoka tena kwenye makuti ya zamani. Mti unapendeza mwezi mmoja, halafu unachakaa.

Pamu inataka potasiamu nyingi, naitrojeni ya wastani, fosforasi kidogo, na magnesiamu isisahaulike. Nchini India, walikoufanyia mnazi utafiti wa muda mrefu, mnazi mkubwa hupendekezewa kwa mwaka gramu 500 za naitrojeni, 320 za fosforasi na 1,200 za potasiamu. Hicho ni kipimo cha shamba linalotafutiwa nazi za kuuza. Uani sihitaji kufika huko. Mchanganyiko wangu kwa mnazi unaozaa, kwa mwaka mzima, ni huu:

NPK ya 17-17-17 (naitrojeni, fosforasi na potasiamu kwa kiasi sawa) kilo 1, MOP (potashi) kilo 1, urea nusu kilo. Pembeni yake, chumvi ya Epsom nusu kilo.

Piga hesabu uone: NPK inakupa gramu 170 za kila kimoja, MOP yenye asilimia 60 inaongeza gramu 600 za potasiamu, na urea yenye asilimia 46 inaongeza 230 za naitrojeni. Jumla naitrojeni 400, fosforasi 170, potasiamu 770. Ule uwiano wa potasiamu kuzidi naitrojeni karibu mara mbili ndio ninaoutafuta.

MOP ndiyo ile potashi nyekundu au nyeupe kama chumvi ya mawe. Maduka ya pembejeo ya mitaani hawana siku zote kwa sababu wakulima wa mboga hawaiulizi, Kariakoo utaipata. Nunua kwa muuzaji aliyesajiliwa na TFRA, Mamlaka ya Udhibiti wa Mbolea Tanzania, na ukiuziwa ya kupima, omba kuuona mfuko wenyewe iliotoka. Niliwahi kuuziwa "potashi" ambayo nilipoichunguza ilikuwa na chumvi ya kupikia ndani yake, sijui kwa kiasi gani. Epsom inapatikana pia famasi, ila ya duka la pembejeo ni nafuu.

Roya pamu kubwa, nusu ya kipimo hicho inatosha. Kichaka cha areka, gramu 100 za mchanganyiko kwa kila mara, mara tatu kwa mwaka. Mche wa mnazi mwaka wa kwanza ule sehemu moja ya kumi ya kipimo cha mkubwa, mwaka wa pili theluthi moja, wa tatu theluthi mbili, wa nne kipimo kizima. Kama huna mizani, kisoda kimoja kilichojaa kinabeba mbolea takriban gramu 5.

Nyumba yangu iko juu ya matumbawe. Kuna tofauti?

Ipo. Udongo wa matumbawe una chokaa nyingi. Urea ukiimwaga juu yake bila kuifukia, sehemu kubwa inapotea hewani kama amonia, ile harufu inayochoma pua. Tumia SA (salfeti ya amonia) badala yake. Ina naitrojeni 21 tu, kwa hiyo weka zaidi kidogo ya mara mbili, lakini inasaidia pia kupunguza ukali wa chokaa pale ilipomwagwa. Tatizo la pili la matumbawe nimelieleza kwenye swali la majani machanga, huko chini.

Niweke lini?

Gawa mara tatu. Ya kwanza mvua za mwanzo za Machi, kiasi kidogo. Ya pili, ambayo ndiyo kubwa, mwishoni mwa Mei masika inapokatika na ardhi bado imelowa. Ya tatu Novemba na vuli. Usiweke katikati ya Aprili mvua inapopiga mchana na usiku, utakuwa unalisha bahari. Wala usiweke Agosti kama huna maji ya kumwagilia, kwa sababu mbolea kavu juu ya udongo mkavu inachoma mizizi ya juu.

Wenye udongo mzito, kama sehemu za Tabata na Kinyerezi, mara mbili zinatosha.

Nimwage shinani?

Kosa hili nililifanya mwenyewe nilipokuwa mgeni wa kazi. Nilipewa roya pamu changa tano za kutunza, nikazifungia bakuli la udongo kuzunguka shina na kumimina urea humo, nikajisifu kwa usafi wa kazi. Wiki ya pili tatu zilikuwa zimebabuka majani, moja ikafa. Nililipa ule mche kwa mshahara wangu.

Mizizi ya mnazi inatoka shinani kama nywele na kutambaa karibu na uso wa ardhi, mingi yake ikiwa ndani ya mita 2 kutoka shinani. Kwa mti mkubwa, acha nusu mita bila kitu, kisha tawanya mbolea kama unayerushia kuku mahindi, kuanzia hapo hadi mita 2. Usiirundike. Parua kwa reki ichanganyike na udongo wa juu, usichimbe kwa jembe utaikata mizizi, kisha mwagilia. Rudishia makuti makavu juu.

Samadi je? Mimi sitaki mbolea ya dukani.

Samadi ni nzuri na kwa mchanga wetu ni lazima, ukiweka ya dukani au usiweke. Mchanga haushiki kitu, na mboji ndiyo inayoupa uwezo wa kushika maji na virutubisho. Debe tatu za samadi ya ng'ombe iliyooza kwa mnazi mkubwa kila mwaka, zikitandazwa kama nilivyoeleza. Ya kuku wa kisasa, ambayo Dar ipo tele, iache ioze miezi mitatu kwanza. Mbichi inaunguza.

Ila potasiamu ya samadi haitoshi. Hapo ndipo yanapoingia mabaki ya mnazi wenyewe. Makumbi yana potasiamu nyingi, na watu wanayachoma moto au kuyapanga nje ya geti wakisubiri gari la taka. Yafukie kwenye mfereji mfupi mita moja na nusu kutoka shinani, upande wa ndani wa kumbi ukiangalia juu, yatashika maji kiangazi na kulisha mti kwa miaka. Majivu ya makumbi nayo ni mazuri, vikombe viwili vitatu kwa mti, isipokuwa kwenye matumbawe, maana yanaongeza ukali uleule wa chokaa.

Kitu kimoja usifanye: kuchoma taka chini ya mnazi. Naona kila mtaa. Gome la mnazi halina ngozi ya kujiponya, moto wa jioni moja unaacha upande mmoja umekufa milele.

Bibi yangu alikuwa akiweka chumvi kwenye shimo la mnazi. Ni uzushi?

Si uzushi. Bibi alijua. Mnazi ni miongoni mwa mimea michache inayohitaji kloridi kwa wingi, na Ufilipino hadi leo minazi iliyo mbali na pwani huwekewa chumvi ya kawaida kama mbolea. Lakini tazama uko wapi. Anayeishi Msasani au Kigamboni, upepo wa kusi unamletea chumvi bure. Na kama unaweka MOP, hiyo ni kloridi ya potasiamu, kwa hiyo umeshapata vyote viwili kwa mkono mmoja. Anayepanda mnazi mlimani Pugu au Goba anaweza kuweka konzi mbili shimoni, akaufurahisha mti na roho ya bibi. Chumvi hiyo usiipeleke kwenye areka wala roya.

Misumari, hapana. Mnazi hauzai kwa kupigiliwa misumari.

Majani machanga ya kileleni yametoka yamekunjamana. Hii nayo ni njaa?

Ndiyo, ya namna nyingine. Kanuni niliyofundishwa: tatizo likianzia makuti ya chini, ni vile virutubisho vinavyohamishika; likianzia kileleni, ni vile visivyohamishika, mti hauwezi kuvivuta kutoka jani la zamani.

Jani jipya likitoka dogo, limekauka na kusokotana kana kwamba limepitiwa na moto, hasa kwenye roya pamu zilizo juu ya matumbawe, hiyo ni manganisi. Chokaa imeifunga udongoni. Tafuta salfeti ya manganisi, fuata kipimo cha kwenye pakiti, na uipe haraka, kwa sababu hii inaua. Ncha za majani zikijikunja kama kulabu, au kuti likitoka limejibana halifunguki, hiyo ni boroni. Kwa mnazi mkubwa, gramu 50 za boraksi zilizoyeyushwa kwenye ndoo ya maji, na usirudie kabla ya miezi sita. Boroni ikizidi ni sumu.

Majani mapya yakitoka ya manjano mororo, si kukunjamana, chimba kidogo shinani kabla ya kununua kitu. Mara nyingi utakuta mti ulifukiwa shingo au umesimama majini, mizizi haipumui na haiwezi kunyonya chuma.

Maji kiasi gani? Nina kisima, maji yake yana chumvi.

Mche wa mwaka wa kwanza, ndoo mbili za lita 20 mara mbili kwa wiki, Juni hadi Septemba na tena Januari na Februari. Usimwage kikombe kila jioni. Maji hayo yanaishia juu, na mizizi nayo inabaki juu. Mnazi uliokwisha shika unaweza kuvuka kiangazi wenyewe, ila utadondosha vidaka.

Maji ya kisima yenye chumvi ya wastani mnazi unayavumilia. Areka inaungua ncha. Kama huna mengine, mwagilia kwa wingi na kwa nadra badala ya kidogokidogo, ili chumvi isukumwe chini, na epuka kurushia majani. Maji ya kufulia yenye sabuni ya unga wape majani ya uzio.

Fundi ameweka pevingi hadi kwenye shina.

Mwambie arudi afungue. Duara la mita moja kutoka shinani kila upande, likiwezekana zaidi. Pamu haitakufa mwaka huu, ndiyo maana hakuna anayemlaumu fundi. Itadhoofika taratibu, mbolea haina pa kupitia, mvua inakwenda mtaroni, na baada ya miaka mitatu unanitumia picha.

Kabla ya Idi au Krismasi huwa tunapunguza makuti mti ung'ae. Vibaya?

Kama yamekauka, safi kabisa. Ukivuka hapo, weka mpaka: simama mbali, fikiria saa ya ukutani ipo kileleni. Kuti lolote lililo juu ya mstari wa saa tisa na saa tatu, yaani ulalo wa mkono ulionyooshwa kushoto na kulia, lisiguswe. Ule mtindo wa kubakiza majani matano yaliyosimama kama ufagio wa chelewa unaunyima mti chakula na kuulegeza kilele, upepo wa kusi ukija unavunjika kirahisi, si kinyume chake kama watu wanavyodhani.

Na mkwezi. Wazee walichonga ngazi kwenye shina, na minazi mingi ya zamani bado ina vidato hivyo. Kila kidato ni jeraha lisiloziba na mlango wa wadudu. Mwambie mkwezi apande kwa kamba miguuni, wengi wanajua, ila hawaifungi usipowaomba. Panga lake lisafishwe kwa jiki kabla hajagusa mti wako, maana ametoka kwa jirani. Nyaya za umeme zikipita karibu na makuti, usimruhusu mtu apande. Piga simu TANESCO kwanza.

Makuti yamekatwa mfano wa mkasi, yana umbo la V.

Chonga. Ni mende mweusi mnene mwenye pembe, anatoboa kilele usiku akila jani lililokunjwa bado, na jani likifunguka ndiyo unaiona ile kazi ya mkasi. Chungulia kwenye makutano ya makuti ya juu: ukiona tundu lenye nyuzinyuzi zilizotafunwa, yumo. Chukua waya mgumu wenye kulabu, mchomoe. Kazi ya dakika mbili, ikifanywa kila wiki msimu wake, inashinda dawa. Baada ya hapo jaza mchanga kwenye makutano ya makuti ya mche mchanga, hapendi kusagika.

Lakini chonga unayemtoa kileleni alizaliwa mahali. Anazaliwa kwenye magogo ya minazi yaliyooza na kwenye lundo la samadi lisilopinduliwa. Lundo lako lipindue kila wiki mbili; ukikuta funza weupe wanene waliojikunja, kuku watakushukuru.

Mnazi unatoa karara vizuri, lakini vidaka vinadondoka vyote.

Vidaka kudondoka ni kawaida, mnazi huchanua vingi kuliko unavyoweza kulea, na zaidi ya nusu huanguka. Vikidondoka vyote, au vikifika kitale na kuanguka vikiwa na makovu yanayotoa utomvu kama gundi, tafuta kunguni wa minazi, mdudu mwembamba wa kahawia anayefyonza vidaka.

Sasa hapa kuna jambo ninalolipenda kuliko yote katika kazi hii. Adui mkubwa wa kunguni huyo ni majimoto, wale sisimizi wekundu wanaoshona majani ya mwembe kuwa viota na kuuma bila huruma. Mnazi wenye majimoto unazaa. Watu wanawapulizia dawa kwa sababu wameumwa wakichuma embe, kisha wanashangaa madafu yamekwenda wapi. Wataalamu wa minazi wa Tanzania na Zanzibar wamefanya kazi nyingi juu ya sisimizi hawa, na ushauri ni uleule: walinde, na uwaunganishie miti kwa kamba kutoka mwembe hadi mnazi ili wavuke. Adui yao ni sisimizi wadogo wa kahawia wenye vichwa vikubwa wanaoishi ardhini. Hao wakitawala shinani, majimoto hawapandi. Mkwezi ataumwa, ndiyo. Mwongeze elfu mbili.

Nazi zenye ngozi ya kahawia iliyopasuka kama gamba na umbo lililopinda ni kazi ya utitiri. Zinaonekana vibaya, ndani mara nyingi zinafaa. Dawa ya uani isiyo na madhara sijaiona.

Makuti yamejaa masizi meusi.

Geuza jani uangalie chini yake. Utakuta inzi weupe wadogo na unga mweupe kama nta. Wanatoa utomvu mtamu, na masizi ni kuvu inayoota juu ya utamu huo. Pigia maji ya mpira kwa nguvu upande wa chini wa majani, rudia kila siku chache, na punguza urea, maana jani laini ndilo wanalolipenda. Kwa mti mrefu usiofikika, uache ulindwe na wadudu wanaowala; ukipuliza sumu kali unaanza kwa kuwaua hao.

Mnazi wa jirani ulidondosha nazi zote, ukapukutika makuti, limebaki shina. Wangu uko hatarini?

Inawezekana. Kuna ugonjwa ambao wengi wanauita wa kunyong'onyea, umesumbua pwani yetu kwa zaidi ya miaka mia moja. Dalili zinakuja kwa mpango: nazi za kila umri zinadondoka kwanza, makarara mapya yanatoka meusi, manjano inaanza chini na kupanda upesi, kisha kilele kinaoza na kuanguka. Ni miezi, si miaka. Hapo ndipo panapoutofautisha na njaa: mti wenye njaa unachakaa taratibu huku ukiendelea kutoa jani jipya, na nazi zake haziangukii siku moja.

Ugonjwa huu hauna tiba. Kata mti, uteketeze kilele. Kituo cha utafiti kilichopo Mikocheni, sasa kikiwa chini ya TARI (Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania), kilitokana na mradi wa taifa wa minazi ulioanza mwaka 1979, na mpaka leo ndipo pa kwenda kuulizia mbegu na kuonyesha mti unaokutia shaka.

Nataka mnazi mfupi. Nitajuaje sikudanganywa?

Tazama rangi ya chipukizi na bua la jani. Mnazi mfupi mwekundu wa Pemba unachipua rangi ya chungwa au nyekundu tangu siku ya kwanza. Chipukizi la kijani karibu kila mara ni mrefu au chotara, hata muuzaji aape vipi. Mimi niliwahi kumpandia mteja "mifupi" minne ya kando ya barabara ya Bagamoyo, sasa inachungulia ghorofa ya pili. Mfupi unaanza kuzaa mwaka wa tatu au wa nne, mrefu wa hapa kwetu unahitaji miaka sita na zaidi. Vyovyote, uweke mbali na paa na maegesho. Nazi haina adabu.

Mizizi yake itapasua msingi?

Hapana. Mizizi ya pamu hainenepi kama ya mwarobaini au mkuyu. Kwenye karo lenye ufa, hata hivyo, itaingia kunywa.

Saiks yangu nayo niilishe hivyohivyo?

Saiks si pamu, ingawa inafanana. Lakini chakula hichohicho kwa kiasi kidogo inakipenda. Mwenye mbwa azichume mbegu zake, zina sumu.

Nimeanza kulisha miezi minne sasa, na makuti ya chini bado ni manjano.

Na yatabaki hivyo. Kuti lililokwisha haribika halirudi kijani. Mnazi wenye afya unatoa kuti moja takriban kila mwezi, na kileleni yapo kama 30. Hesabu mwenyewe: ili makuti yote uyaonayo leo yapishe mapya, ni zaidi ya miaka miwili. Usiangalie chini, angalia ya juu. Funga uzi kwenye kuti jipya la mwezi ulioanza kulisha. Kadiri linavyoshuka na miezi, kama bado ni kijani linapofika usawa wa mkono ulionyooshwa, mbolea inafanya kazi.

Mnazi umekufa. Gogo nilifanyeje?

Usiliache limesimama, wala usililaze nyuma ya nyumba ukisema utaliuza. Nyumba ya chonga ndiyo hiyo. Shina la mnazi mkongwe ni mbao nzuri, hasa mita chache za chini na upande wa nje, tafuta fundi mwenye mashine ya kupasulia ndani ya wiki chache. Linalobaki lipasue vipande, likauke juani, litumike kuni. Na vifuu vilivyozagaa vigeuze au viokote kabla ya mvua: kifuu kimoja chenye maji kinatosha kuzalisha mbu wa dengi, na mwaka 2019 jiji hili liliugua vya kutosha. Kisiki king'oe kama unaweza, au kifukie kabisa. Mche mpya uuchimbie shimo jingine, hatua tatu nne pembeni.